Ushindi Usio na Marehemu

Nchi yetu kwa sasa haina jina. Lilikuwapo, zuri tu, lakini vita vilipoanza pande zote mbili zilidai kuwa ni lao, na wenye busara wakashauri lichukuliwe likawekwe mahali salama mpaka mshindi apatikane. Limewekwa. Mahali penyewe ni siri ya jeshi. Kwa hiyo msomaji asinilaumu nikisema "kwetu" na "nchi yetu". Si uvivu, ni sheria. Na kama atahisi kwamba anapajua, namwomba asiseme kwa sauti.

Ninayoandika ni habari ya mdogo wangu Hamduni, koplo katika jeshi la taifa, na jinsi mama yetu, Bi Mwasiti, alivyotafuta ruhusa ya kumlilia. Ilichukua miezi saba. Wengine wamesubiri zaidi, basi sisi hatuna cha kulalamikia.

Jemadari wetu Mkuu, Kasimiri Ndolela, hapigani mapigano madogo. Yale ya kuviziana vichakani anawaachia waasi, ambao hawakulelewa vizuri. Yeye hupigana Pigano la Kuamua tu. Wakati huo alikuwa amepigana kumi na sita, na yote ameshinda. Mwalimu mmoja wa sekondari aliwahi kuuliza darasani inakuwaje vita viamuliwe mara kumi na sita na bado viendelee. Siku hiyohiyo akahamishiwa mstari wa mbele akafundishe huko, ingawa nasikia huko hakuna wanafunzi. Jibu lenyewe ni jepesi, na redio hulitoa kila asubuhi: kila Pigano la Kuamua huamua mahali litakapopiganwa linalofuata.

Baada ya Pigano la Kumi Jemadari alisimama jukwaani kusoma majina ya askari waliokufa. Akasoma tangu adhuhuri hadi alasiri. Wawakilishi wa nchi rafiki waliokuwa wamealikwa wakadhani tumeshindwa, wakaanza kumpa pole. Pole zile zilimuumiza sana. Juma lile ikatoka Amri ya Ushindi, yenye kifungu kimoja: katika pigano tuliloshinda hakuna askari wetu aliyekufa. Tangu hapo vifo vimekwisha jeshini. Ziko nchi zenye madaktari wengi kuliko sisi ambazo hazijafika hatua hiyo.

*

Pigano la Kuamua la Kumi na Saba lilipangwa kwenye Daraja la Kivule.

Kwetu shughuli haiwi shughuli bila mgeni rasmi, na katika mapigano mgeni rasmi ni Jemadari mwenyewe. Kamati ya Maandalizi ilikaa wiki tatu. Waliandaa mahema, viti vya heshima vyenye vitambaa, bendi, vikundi viwili vya ngoma na mshereheshaji aliyezoea harusi kubwa. Ratiba ilichapwa kwenye kadi nzuri na kusomwa redioni ili wananchi waje kupiga makofi. Saa tatu, wageni kuketi. Saa tatu na nusu, mgeni rasmi kuwasili. Saa nne, dua na burudani. Saa nne na nusu, hotuba. Saa tano na nusu, mapambano. Saa saba, ushindi. Saa saba na nusu, chakula.

Kila aliyezaliwa kwetu anajua kusoma ratiba. Ukiandikiwa saa tatu, saa tatu ndiyo unatia maji ya kuoga ndooni. Mapambano ya saa tano na nusu watu wenye akili wanayatarajia baada ya sala ya alasiri. Hakuna aliyewahi kudhurika kwa kujua hivyo.

Lakini kamanda wa waasi, Lukwaro, aliyelala chumba kimoja na Jemadari walipokuwa kwenye chuo cha maofisa, aliwahi kupelekwa kozi ya miezi sita katika nchi fulani ya mbali, ambako saa tano na nusu ni saa tano na nusu. Alirudi ameharibika. Alisikiliza ratiba redioni akaiamini.

Yaliyotokea Kivule tulielezwa na Sajenti Abedi Mlekwa, rafiki wa Hamduni, aliyekuja nyumbani akitembea kwa gongo siku ya tisa. Alimwamkia mama, akaketi kibarazani, akasema pole pole kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

Askari mia tatu walipangwa gwaride tangu saa moja. Risasi zao zilikuwa zimekusanywa, kwa sababu ni utaratibu: askari hawakai na risasi mbele ya mgeni rasmi mpaka amalize hotuba. Hutiwa sandukuni, na ufunguo hukaa kwa mpambe wake, anayesafiri naye gari moja. Saa tano na nusu mgeni rasmi alikuwa bado anaoga. Waasi wakatokea ng'ambo ya daraja, wamejipanga. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, akawaambia kwa upole kwamba wenzetu waliotangulia kufika wanaombwa wawe na subira, mgeni rasmi yuko njiani. Abedi alisema waasi walisita kweli. Wengine walikuwa watu wa kwetu, na neno lile lilikuwa na adabu. Kisha Lukwaro akatazama saa yake.

Kanali wa gwaride alikuwa na ratiba mkononi. Ndani yake hapakuandikwa kwamba askari walale chini. Akawaamuru wakaze migongo.

"Hamduni alikuwa mstari wa mbele, wa pili kutoka kulia," Abedi alisema. "Hakusogea, mama. Hata mimi niliposogea, yeye hakusogea."

Mama alimuuliza ilichukua muda gani. Abedi akasema muda wa kuchemsha chai.

Waasi walipomaliza walikula pilau iliyokuwa tayari mahemani, wakanawa, wakarudi kwao. Jemadari aliwasili saa nane. Alipanda jukwaani, akafungua karatasi, na kwa kuwa hotuba ilikwisha chapwa, akaisoma.

"Kawia ufike," alianza, kama anavyoanza siku zote. "Adui alikuja, akatuona, akaondoka. Sasa nawauliza, aliyebaki uwanjani ni nani?"

Waliobaki uwanjani hawakujibu. Jemadari akawasifu kwa nidhamu yao, akasema wamefanya kazi nzito, waachwe wapumzike. Bendi ikapiga.

*

Basi tukaweka turubai. Majirani wakaleta mikeka na masufuria, kama ilivyo desturi. Hatujamaliza hata kufunga kamba, balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kitwana, akaja na askari wawili na karatasi. Huyu mzee alimjua Hamduni tangu anatambaa. Aliisoma karatasi yote akiwa ameinamisha kichwa. Ilisema kwamba Kivule ni ushindi, kwamba ushindi hauna marehemu, na kwamba anayeweka matanga pasipo marehemu anaivunja moyo nchi. Atakayetaka matanga alete barua kutoka Ofisi ya Ushindi.

"Bi Mwasiti, mimi nimetumwa," alisema, akasaidia kufungua kamba.

Wasomaji wa desturi nyingine huenda wasielewe uzito wake, basi nieleze. Bila barua shehe wa mtaa hathubutu kusoma khitima. Bila khitima msiba haujaanza, na usioanza hauishi. Mke wa Hamduni, Sikudhani, hakuweza kukaa eda, maana mke wa mtu aliye hai haikai. Wala hakuwa na mume. Alikuwa anapika, anafagia, anatazama mlango. Mama alikuwa hataki pensheni wala medali. Alitaka akae chini katikati ya wanawake wenzake, alie kwa sauti, watu wamsikie, kisha ainuke.

Mimi na mama tukaenda Ofisi ya Ushindi. Tulipokelewa na Meja Kilumanga, mtu mpole, mwenye miwani. Alituagizia chai. Akafungua jalada.

"Hongera, mama," alisema. "Mwanao ni mzima."

Mama akamwambia kwamba mwanawe alipigwa risasi kifuani, na yupo aliyeona.

"Aliyeona alikuwa katika pigano gani?"

"La Kivule."

"Kivule tulishinda."

"Ndiyo, baba. Na mwanangu akafa."

Meja alivua miwani, akaipangusa. Alisema anamwelewa mama, na yeye pia ana mama. Lakini amezunguka jeshi lote na hajapata kuona mtu aliyekufa katika ushindi; kama Hamduni amekufa basi hatukushinda, na kama hatukushinda basi Jemadari amesema uongo, na kama mama anasema Jemadari amesema uongo, hiyo ni ofisi nyingine, ghorofa ya chini, na huko hawatoi chai.

Tulikunywa chai yetu tukarudi.

Mwezi uliofuata ikaja barua, si ile tuliyoiomba. Hamduni amepandishwa cheo kuwa sajenti, kwa kukaa imara kituoni. Mwezi wa tatu akawa sajenti meja. Mwezi wa tano, luteni. Katika ukoo wetu hajawahi kutokea ofisa, na akiwa hai Hamduni mwenyewe alisubiri ukoplo miaka sita. Mama aliziweka barua chini ya godoro na hakuzisema kwa mtu.

Kulia alilia, lakini kwa utaratibu. Alikuwa akikata vitunguu. Sikudhani naye akakata vitunguu. Nyumba ya tatu, ambako kijana wao alikuwa mpiga tarumbeta Kivule, walikata vitunguu asubuhi na jioni. Kabla mwezi haujaisha, vitunguu viliadimika mjini kote. Redio ikatangaza kwamba walaji wameongezeka kwa sababu ya amani iliyoletwa na ushindi, na wakulima wa vitunguu wakapewa cheti.

*

Jemadari alikipenda sana Kikosi cha Kivule. Alisema hajapata kuongoza askari wa aina ile. Hawadai chakula, hawaugui, hawaombi likizo, hawatoroki. Alipokuwa akipanga Pigano la Kuamua la Kumi na Nane, maofisa walimuuliza ni nani atakayeshika Mlima Ng'ongo, ambao ndio mlango wa mji mkuu. Jemadari akachomeka bendera ndogo juu ya mlima kwenye ramani, akasema Kivule wataushika. Kulikuwa na kanali mmoja aliyekohoa. Wengine walimpigapiga mgongoni mpaka akanyamaza.

Waasi walipanda Mlima Ng'ongo wakiimba. Nasikia waliogopa mno walipofika juu na kukuta upepo tu. Wakadhani ni mtego, wakashuka upande wa pili mbio, wakajikuta wameingia vitongoji vya mji mkuu bila kukusudia. Iliwachukua siku mbili kuamini, na siku hizo mbili ndizo zilizomwokoa Jemadari. Akahamia mji mwingine, ambao tangu siku hiyo ndio mji mkuu.

Jemadari hashindwi. Hilo linajulikana. Kwa hiyo kilichotokea Ng'ongo hakikuwa kushindwa, kilikuwa uhaini. Kikosi kizima cha Kivule kilikuwa kimekimbia pigano. Alilia redioni. Alisema aliwapenda kama wanawe, akawapandisha vyeo, nao wakamwachia mlima. Wote wafikishwe mahakama ya kijeshi.

Safari hii Meja Kilumanga alikuja nyumbani mwenyewe. Alikataa kiti, akasimama mlangoni na hati mkononi. Luteni Hamduni anaitwa ajibu shitaka la kukimbia mbele ya adui. Asipotokea, mzazi wake atamjibia.

Mama alimuuliza adhabu yake nini. Meja akasema kupigwa risasi.

"Kisha?"

Meja hakuelewa.

"Akishapigwa risasi, baba. Mnatoa barua?"

Meja alifungua mkoba, akatafuta katika kitabu cha sheria, akasoma kwa sauti ndogo. Aliyeuawa kwa hukumu ya mahakama ni marehemu. Ndugu zake watapewa barua ya kifo na kilichopigwa risasi, na wanaruhusiwa kuomboleza kwa desturi zao. Alipofika mwisho alivua miwani tena, na safari hii hakuipangusa.

"Na akionekana hana hatia?" mama aliuliza.

"Atakuwa kapteni," Meja alisema. "Ataongoza mstari wa mbele katika la Kumi na Tisa."

*

Alasiri ile Sajenti Abedi alikuja, maana habari zilikuwa zimezagaa. Alikuta tumeketi mkekani, mimi, mama na Sikudhani. Ndiyo siku pekee niliyomwona amekasirika.

"Mama, usiseme alikimbia. Nakuomba. Sema lolote lakini si hilo."

"Nitasema nini tena, mwanangu?"

"Sema kweli. Mimi nilikuwepo. Nitakuja nisimame, niseme."

Sikudhani, ambaye si msemaji, akamwambia, "Shemeji Abedi, umesimama mara ngapi ukasema? Wamekufanya nini? Wamekuandika kwamba hukujeruhiwa, mguu wako wameuita uzembe."

Abedi akasema hilo ni la mguu, hili ni la jina. Jina la mtu haliwi gongo, ukalitupa ukachukua jingine. Watoto wa mtaani wataimba kwamba Hamduni mwoga, na yeye Abedi aliyesogea atakuwa shujaa.

"Mimi ndiye mke wake," Sikudhani alisema. "Nimechoka kuwa mke wa luteni. Heri niwe mjane wa mwoga."

Abedi alimtazama mama. Aliondoka bila kuaga, na gongo lake tulilisikia mpaka mwisho wa kichochoro. Nami nakiri kwamba nilikuwa upande wake. Nilimwambia mama hivyo. Akaniambia niende nikaanue nguo.

*

Mahakama ilikaa katika ukumbi wa sinema wa mji mkuu mpya. Majaji watatu walikaa jukwaani, na kiti cha mgeni rasmi kiliachwa wazi, kwa kuwa alikuwa njiani. Wazazi na ndugu tulijaa kwenye viti, wengine wamesimama kwenye kuta zote. Walioitwa kwanza walisema kweli. Baba wa yule mpiga tarumbeta alisema mwanawe hakukimbia, amekufa tangu Kivule. Jaji Mkuu akasema mahakama inafurahi kusikia kwamba hakukimbia, na hilo la pili halikuulizwa. Hana hatia. Kapteni. Baba akatoka ameshika karatasi ya cheo kama mtu aliyepewa mtoto wa mwingine.

Ikawa hivyo kwa watu kumi na mmoja. Kisha wakaita jina letu.

Mama alisimama. Alikuwa amevaa kanga mpya. Jaji akamuuliza kama mshitakiwa Luteni Hamduni alikimbia mbele ya adui.

Nilimwona Abedi nyuma kabisa, karibu na mlango. Sikujua kwamba amekuja. Mama naye alimwona. Alimtazama kitambo, halafu akageuka kwa majaji.

"Alikimbia," alisema.

"Kutoka wapi?"

"Huko mlimani mnakosema."

"Akakimbilia wapi?"

"Kivule."

Majaji waliinamiana, wakanong'ona. Jaji Mkuu akasema mshitakiwa ana hatia na atapigwa risasi hadi kufa. Mama akapiga magoti kidogo, kama tunavyofanya tukipokea kitu kwa mkubwa.

"Ahsanteni, wanangu," alisema. "Mungu awalipe."

Mahakama yetu ilikuwa haijapata kushukuriwa. Karani aliuliza kama aandike hilo, akaambiwa asubiri. Lakini nyuma yetu minong'ono ilikuwa imeanza, ikipita kiti kwa kiti. Aliyefuata ni mama mmoja wa bara, hata swali hakulingoja. Wangu alikimbia, alisema. Wa nyuma yake akasema wake alikimbia kuliko wote. Mpaka saa kumi kila aliyeitwa amekiri, na wale kumi na mmoja wa mwanzo walikuwa wamepanga foleni mlangoni wakikata rufaa dhidi ya kuachiwa huru.

Juma lililofuata zilisimamishwa nguzo karibu mia tatu kwenye uwanja wa mpira, kila moja na kibao cha jina. Safari hii risasi zilitolewa mapema. Zilipigwa zote, na kwa sheria ndugu wakakabidhiwa kilichopigwa. Tulipewa barua yenye muhuri, na nguzo. Nguzo tulisimamishia turubai.

*

Matanga yalijaa. Wanawake walitandika mikeka mpaka nje ya uzio, shehe akasoma bila kutazama nyuma, na Sikudhani akaingizwa chumbani kuanza eda yake. Mtaa mzima ulikuwa na maturubai, na mitaa ya pili yake pia. Redio ilisema nchi imejaa familia za waoga, na kwamba ni kinyume cha maadili kulia kiasi kile kwa ajili ya watu wa aina ile. Lakini barua zilikuwapo, na barua ni barua.

Mama alilia. Sitaandika alivyolia. Majirani walinishika mimi, si yeye.

Siku ya tatu Abedi alikuja. Alisimama mbali, kisha akavua viatu, akaingia upande wa wanaume, akaketi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Baadaye nilimsikia akiwasimulia habari za Kivule kwa sauti ya chini, na wanaume wamesogeza vichwa.

Siku hiyohiyo akaja Mzee Kitwana na daftari, kwa kuwa balozi lazima aandikishe kila kifo katika nyumba zake kumi. Alichuchumaa mbele ya mama. Akaandika jina, umri na kabila. Akafika kwenye sababu ya kifo, akaacha kuandika.

"Woga," mama alimwambia.

Mzee akaandika. Kisha akainua kalamu, maana palibaki nafasi kwenye mstari, naye ni mtu wa kupenda mambo yaliyokamilika.

"Woga wa nani, Bi Mwasiti?"

Mama alitazama upande walipokaa wanaume.

"Umeandika nini hapo?"

"Woga tu."

"Basi inatosha."

Mzee Kitwana aliuangalia ule mstari kwa muda mrefu. Akafunga daftari, akaliweka chini ya goti, akaomba asogezewe mkeka.